Shukrani ya Aliyepona



Jiulize: mtu aliyepona kansa ana deni kwa nani?

Novemba 2014 Jakaya Kikwete, akiwa Rais wa Tanzania, alipasuliwa tezi dume, ile tunayoita prostati, katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Aliporudi nyumbani mwezi huohuo hakuficha. Aliwaambia wananchi kwamba ilikuwa kansa, ingali changa, akawahimiza wanaume wakapimwe. Mwaka 2024 ilitimia miaka 10.

Utasema: "Yule ni rais, sisi wa Bunia tuna nini?" Ni kweli, matibabu yale yalitaka fedha. Lakini kusema hakukutaka hata faranga moja.

Wengi wetu hunyamaza, na kimya hicho tunakiita haya. Haya husitiri mwili. Haimfichi ndugu yako hatari. Kansa hii mwanzoni mara nyingi haiumi, na anayengoja maumivu huenda akachelewa.

Wala miaka 10 si hati ya kuishi milele. Aliyepasuliwa huendelea kupimwa damu, kwani ugonjwa waweza kurudi baada ya miaka mingi. Na waliokufa nao hawakuwa na imani pungufu kuliko waliopona.

Basi wewe uliyepona, sijda ya shukrani ni kati yako na Mola wako. Deni lako kwa watu ni kusema. Anza na kaka yako na mwanao wa kiume, maana hatari hii hufuata ukoo.

Wabillahi tawfiq.