Nani Ameuona Mlima Hanang

Uzuri, tunafundishwa, ni sifa ya kitu kinachotufurahisha kwa kukitazama tu, bila tamaa ya kukila, kukiuza au kukimiliki. Na iwe hivyo. Kilichonikera mimi ni kauli ya shemeji yangu, siku alipoileta familia yake kutoka Dar es Salaam kuja kuuona Mlima Hanang: "Ninyi mnaishi peponi, ila mmeshazoea, hamuoni tena."

Aliitoa akiwa amesimama juu ya jiwe ambalo miaka michache nyuma halikuwapo pale. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, na tope likashuka na mawe na magogo mpaka Gendabi, Jorodom na Katesh mjini. Waliokufa walizidi 80. Jiwe hilo limekaa palipokuwa jiko la watu. Ubavuni pake bado unaona kona ya msingi wa tofali za kuchoma, na chini yake kuna bati lililobanwa, ukilivuta halitoki. Watoto walilipanda wakapigwa picha. Wakubwa wakalilinganisha na lile la Bismarck kule Mwanza, lililosimama ndani ya maji ya ziwa, wakasema letu nalo si haba. Shangazi, aliyewasindikiza, alikaa kando akajifunga kanga yake upya, kimya.

Najua yanayoweza kusemwa kumtetea. Mgeni huleta fedha, na waongozaji na wapagazi wetu wanasomesha watoto kwa fedha hizo. Mlima hauna nia, kwa hiyo hauna hatia. Hata waliofiwa hupiga picha pale. Yote matatu nayakubali.

Nisilolikubali ni hili la mazoea, kwamba mwenyeji ni kipofu mpaka mgeni aje kumfumbua macho. Si la shemeji peke yake. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuamua, anasema kinachotisha katika maumbile hutuinua roho tukikitazama tukiwa mahali salama, na tena tukiwa na akili iliyolelewa kwa maadili. Anamtaja mkulima wa Savoy, mtu mwema na mwenye busara, aliyewaita wapenzi wote wa milima ya barafu wapumbavu. Kwa Kant, mkulima yule alipungukiwa na malezi ya akili. Haya yaliandikwa na mtu ambaye hakusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, na ambaye mwaka 1756 alichapisha makala tatu kuhusu tetemeko lililoiangamiza Lisbon mwaka uliotangulia. Alijua vizuri ardhi inaweza kuwafanya nini watu, lakini hakumwuliza mkulima alikuwa ameona nini.

Sisi tunaona nini? Tunaona wingu linapokaa kileleni muda mrefu kuliko kawaida. Tunaona maji ya korongo yakibadilika rangi. Tangu 2023 mvua ikinyesha usiku, watu huamka wakasikiliza upande wa mlima, na wapo wanaolala na viatu karibu na kitanda. Anayeutazama mlima hivyo kila siku ndiye aliyezoea asione? Nani atamwambia mama kwamba amemzoea mwanawe mno, ndiyo maana haoni alivyo mzuri? Isitoshe, hoja yenyewe haishindiki. Mwenyeji akiusifu mlima, ataambiwa amejifunza kwa watalii. Akinyamaza, ataambiwa ananyamaza kwa sababu ni kipofu. Hoja isiyompa mtu namna yoyote ya kuijibu haifai kuitwa hoja.

Jicho la mgeni lina historia huku kwetu. Kuanzia miaka ya 1970, Tanzania kwa msaada wa Kanada ilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Hanang, chini ya shirika la umma la NAFCO. Waliotazama nyanda zile waliona uwazi, nyasi zisizo na mwenyewe. Wabarabaig, wafugaji wa nyanda hizo, waliona malisho ya msimu, njia za ng'ombe, na makaburi ya wazee wao yaliyoinuliwa kwa udongo. Trekta zilipita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, sababu moja ikiwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wazawa kwa mujibu wa sheria. Kila ninapopita barabara ya Basotu nalifikiria hilo: watu waliozika wazazi wao pale kutakiwa kuthibitisha kwamba ni wa pale.

Hata hivyo kuna fundo moja bado limenikaa. Zamani shangazi aliusifu Hanang mbele ya kila mgeni, jinsi jua la jioni linavyoupiga. Tangu lile tope sijamsikia tena. Kama uzuri ule uliwezekana kwa sababu tulidhani tuko salama, basi Kant alikuwa sahihi kuhusu usalama, hata kama alimdharau mkulima, na mwenye nafasi ya kuuona Hanang leo ni yule ambaye kesho anapanda basi na kuondoka. Hilo silikubali, ila hoja ya kulivunja bado sina.