Ruhusa ya Kwenda Kulala

Kwetu upendo hupimwa kwa kukesha. Msibani watu hulala matanga, mikeka na majamvi yakatandikwa hadi uani, na anayeaga saa nne usiku huachwa nyuma na minong'ono. Harusini ni hivyo hivyo: shangazi asiyeonekana jikoni usiku wa kuamkia shughuli atakumbushwa miaka. Sina ugomvi na desturi hizi, ndizo zilizonilea. Lakini wapo watu ambao usiku mmoja wa namna hiyo huwagharimu zaidi ya miayo ya kesho yake.

Nawasema wenye ugonjwa wa baipola. Hali yao ya moyo hupanda au kushuka ikakaa huko majuma, pengine miezi. Ikipanda, mtu halali wala hachoki, maneno yanamtoka kwa kasi, leo anafungua duka na kesho anagawa mtaji wa duka hilo. Ikishuka, hata kuoga ni mzigo, na wengine hufikia kuona afadhali wafe. Dawa zipo. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa Australia, aliandika jinsi lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wake waliopanda, na mpaka leo inatumika. Hata hivyo dawa hufanya kazi ndani ya maisha ya mtu, na maisha yana vichochezi vyake.

Mwaka 1987 Thomas Wehr na wenzake, watafiti wa Marekani, walitoa hoja ambayo nimeitafakari sana. Walisema mambo mengi tunayoyaona kuwa visababishi mbalimbali vya kupanda, kama vile msiba, safari, mtoto mchanga au dawa fulani, huenda yana athari moja kubwa: yote humpunguzia mtu usingizi. Ubaya wake ni kwamba usingizi ukipungua mtu hupanda, na akipanda usingizi huzidi kupungua.

Chukua kijana aliyefiwa na mama. Anahangaikia kibali cha mazishi, turubai, mchele na nauli za wajomba; usiku anakaa na wageni kwa kuwa ndiye mwenye msiba. Baada ya siku chache anasimama kuhutubia waliokuja kumpa pole, anatangaza kwamba atajenga msikiti kwa jina la marehemu. Wengine watasema uchungu umempanda kichwani, wengine watasema katupiwa kitu. Uchungu upo, hakuna anayeukana. Ila usiku aliokaa macho hakuna aliyeuhesabu, na kama yupo aliyeuhesabu, aliuhesabu kama sifa.

Furaha nayo huchochea. Mtafiti mwingine wa Marekani, Sheri Johnson, ameonyesha kwamba dalili za kupanda huweza kuongezeka baada ya mtu kufikia lengo alilolitamani. Hilo ni gumu kumeza. Nani atamwambia aliyepandishwa cheo apunguze sherehe? Tena mwanzo wa kupanda una utamu wake, na utamu huo tunaufaidi sote: mume aliyekuwa mkimya sasa anachekesha wageni, mpwa anachangia kila shughuli bila kuombwa. Tunamsifu. Akianza kukopa ili achangie, tunashangaa.

Huko Pittsburgh, Ellen Frank na wenzake walitunga tiba ya mazungumzo inayojengwa juu ya ratiba ya siku, na mwaka 2005 wakachapisha matokeo yake. Mgonjwa huandika saa alizofanya mambo machache ya kila siku: kutoka kitandani, kukutana na mtu wa kwanza, kuanza kazi, kula chakula cha jioni, kulala. Haja ni saa hizo zisiyumbe. Aliyezoea kuamka kwa adhana ya alfajiri ameshafika nusu ya njia, hadi Ramadhani inapoingia.

Hapo saa za kula hugeuka, baraza huchangamka mpaka daku, na dawa ya mchana haina pa kukaa. Kwa anayetumia lithiamu kuna jambo zito zaidi: mwili ukipungukiwa maji dawa hujikusanya damuni, na ikizidi ni sumu. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, tunavyonunua duka la dawa kama peremende, navyo huweza kuipandisha. Mtu huyu amwone daktari kabla mwezi haujaandama. Mgonjwa dini ilimpa ruhusa zamani. Sisi ndio tunaosita kumhesabu kuwa mgonjwa kwa kuwa hatuoni bandeji. Na mirungi kijiweni sina haja ya kuieleza: anayeitafuna huitafuna ili asilale.

Katika jambo moja wazee wetu walitutangulia. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, anakandwa, anapikiwa, na mtoto ana mikono mingi ya kumbeba. Walikuwa wakifikiria mifupa na damu ya mzazi, lakini kwa mwanamke mwenye baipola majuma ya baada ya kujifungua ni ya hatari kuliko karibu wakati wowote mwingine, na utaratibu ule ule unamfaa. Siku hizi mjini mama yuko peke yake katika chumba na sebule, mume yuko zamu ya usiku. Atakayemchukua mtoto kuanzia saa nne hadi alfajiri, kwa maziwa ambayo daktari ameyaafiki, anamsaidia kuliko atakayeleta kitenge.

Basi msibani itakuwaje? Kazi za mchana zipo tele: kuandika majina ya wanaotoa rambirambi, kwenda sokoni, kupokea wageni wa mbali. Apewe hizo. Na usiku mkubwa mmoja amwambie mbele ya watu, "Mwanangu, nenda kalale, sisi tupo." Kauli hiyo ikitoka kwa shangazi hufunga midomo ambayo cheti cha hospitali hakiwezi kuifunga.

Nachelea upande wa pili pia. Kuna safari hali hupanda ingawa mtu kalala vizuri na dawa kameza barabara, na si haki kumtafutia kosa. Kuna pia ulinzi unaogeuka kifungo: akicheka kwa sauti anaulizwa kama kameza dawa, akikasirika hasira yake inaitwa ugonjwa. Naona njia ya heshima ni kupatana mapema, angali mtulivu. Yeye mwenyewe, pamoja na wawili anaowaamini, ataje dalili zake, maana mmoja huanza kwa kununua vitu, mwingine kwa kupiga simu usiku wa manane. Waafikiane nani atamwambia na kwa maneno gani, nani ashike kadi ya benki, daktari yupi apigiwe. Nao wakubali masharti yake: wasimuulize habari za dawa mbele za watu, na siku akigombana na wifi yake kuhusu pesa za mchango, waanze kwa kusikiliza hoja ya pesa.