Kati ya "Nadhani" na "Nimegundua"

Fundi anabadilisha koili nne. Injini iliyokuwa ikitetemeka inatulia, taa ya injini inazimika kwenye dashibodi, mteja anashukuru na kulipa. Koili tatu kati ya zile nne zilizotolewa zilikuwa nzima. Je, mteja huyo amedhulumiwa?

Jibu la haraka ni hapana. Alileta gari linalomisi, akaondoka na gari lisilomisi. Wengi wetu tunapima haki ya kazi kwa namna hiyo: mambo yakiisha vizuri, hatuulizi yalivyofanyika. Nadhani jibu hilo halitoshi, na ili kuona linapungukiwa wapi inabidi kwanza tufungue boneti.

Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa iwake mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde. Kila mara, vitu vitatu lazima vikutane: mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha, na cheche. Kimoja kikikosekana, silinda inaruka zamu yake. Kompyuta ya gari inahisi mzunguko wa injini ukisitasita, inaandika kodi, tuseme P0303: silinda ya 3 haiwaki inavyopaswa.

Kodi hiyo imetaja mahali, haikutaja sababu. Labda koili imekufa, plagi imechoka au waya umelegea kwenye soketi. Labda nozeli imeziba. Labda valvu haifungi vizuri na mgandamizo unavuja. Mashine ya kupimia haiwezi kuchagua kwa niaba yako.

Kuendelea kuuliza hakuhitaji fedha nyingi. Mjomba wangu ni fundi Dar es Salaam, na Jumamosi tasnifu ikinichosha huenda kukaa gerejini kwake. Kwa kodi kama hiyo, hutoa koili ya silinda ya 3 na kuibadilishana na ya silinda ya 1, anafuta kodi, anawasha. Kodi ikigeuka kuwa P0301, tatizo limehama pamoja na koili. Ikibaki P0303, koili haina hatia, anageukia plagi. Na tatizo likitoweka kabisa hashangilii, maana huenda kilichotengemaa ni soketi iliyolegea tu. Hagusi vitu viwili kwa mara moja. John Stuart Mill aliieleza mantiki hiyo katika A System of Logic mwaka 1843, akaiita mbinu ya tofauti. Mjomba hajamsoma Mill, na hajapungukiwa na kitu.

Siku moja alikuja mama mmoja mwenye haraka. "Fundi, badilisha zote tu, saa tisa natakiwa nimpokee mtoto."

"Sawa mama, lakini bado sijajua ni ipi. Tukibadilisha zote tunabahatisha. Ukinipa nusu saa nitakuwa nimejua."

Mama akatazama saa, akauliza bei ya nne, akasema, "Bahatisha."

Alilipia koili nne, kama yule mteja wa mwanzo. Lakini siwezi kusema amedhulumiwa. Alijua ananunua nini: alinunua muda, na bei yake aliijua. Mteja wa kwanza alinunua bahati akiamini ananunua ujuzi.

Kwa hiyo kosa haliko katika kubahatisha. Maisha hayatupi nusu saa kila mara. Wala kubadilisha vingi si lazima kuwe kubahatisha: plagi hubadilishwa zote pamoja kwa kuwa huchakaa pamoja, na hiyo ni sababu inayoelezeka. Kosa liko katika kitenzi. Fundi anayesema "nimegundua" wakati anadhani huchukua fedha, na pamoja nazo huchukua haki ya mteja kuamua kama hatari ile anaitaka.

Utasema: hata hivyo, gari limepona. Limepona kwa muda gani? Plagi iliyochakaa huwa na pengo pana, na koili hulazimika kuzalisha umeme mkubwa zaidi ili cheche ilivuke. Koili ikifa kwa uchovu huo na plagi ikaachwa, koili mpya inafuata njia ileile. Na misi inaporudi, petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuyaunguza masega yanayosafisha moshi. Kilichoonekana kuwa mwisho mwema kilikuwa kituo cha katikati.

Tumewahi kuishi hivyo na miili yetu. Kwa miaka mingi homa ilikuwa malaria, na dawa ilitolewa bila kipimo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Waliomeza dawa ya malaria kwa homa isiyo malaria, kisha wakapona wenyewe, waliishukuru dawa. Aliyeumwa kitu kingine kizito zaidi alipoteza siku ambazo angetibiwa.

Sisi tunaoandika tasnifu, ripoti na makala tumo katika gereji hiyohiyo. Msomaji wetu hawezi kufungua boneti. Anategemea kitenzi tulichochagua. "Yaelekea," "nadhani," "sijathibitisha" si maneno ya mtu dhaifu. Ndiyo risiti inayomwonyesha msomaji amenunua nini.