Je, Kipepeo Aweza Kusema Uwongo?

Mnamjua kipepeo yule wa bustanini mwenye rangi ya chungwa bivu, na ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimpa jina la chrysippus mwaka 1758. Huruka polepole, kama asiyeogopa kitu. Sababu ni hii: alipokuwa kiwavi alikula majani yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu yake ikabaki mwilini. Ndege amlaye huweza kutapika, na tangu siku ile rangi yenyewe yamtosha kuwa onyo.

Lakini yuko kipepeo mwingine, aitwaye misippus. Dume ni mweusi mwenye mabaka meupe; jike amevaa rangi zile zile za chrysippus, wala hana sumu. Ndege humwacha apite.

Nilipowaeleza watoto jambo hili, mmoja aliyeketi nyuma akauliza: “Mwalimu, basi huyu jike ni mwongo?” Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu tayari.

Uwongo wahitaji mambo mawili: kujua lililo kweli, na kutaka mwenzako aamini lingine. Jike huyu hajui sumu ni nini, wala hakuchagua vazi lake. Bibi zake wa kale waliofanana kidogo na yule mchungu waliponyoka, wakazaa, wasiofanana waliliwa. Ndege amekosea, lakini hakuna aliyemdanganya.

Na mwanadamu je? Muuza maharagwe huweka mazuri juu ya kikapu, na yaliyotobolewa na wadudu chini. Hakutamka neno. Hata hivyo mkono wake ulijua ulilolifanya. Basi mtu aweza kusema uwongo kinywa kikiwa kimefungwa.

Hapo nilikumbuka jambo langu mwenyewe. Mwaka mmoja mkaguzi alipokuja shuleni, niliwaketisha mbele watoto wanaosoma vizuri, na saba wasiojua niliwatuma kuteka maji mpaka jioni. Mkaguzi alinisifu. Sikumwambia neno hata moja lisilo kweli.

Mtoto yule aliyeuliza alikuwa mmoja wa wale saba. Nikamjibu: “Kipepeo si mwongo.” Akauliza tena: “Na mtu akifanya vile?” Nikamwambia kwamba mtu ni mwongo, na kwamba mimi nilifanya vile siku ya mkaguzi. Hakusema kitu. Alitazama ndoo zilizokuwa kando ya mlango.