Mgeni na Kisima

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili lina sharti ndani yake: mgeni ni neema maadamu mwenyeji anapona. Asipopona, je, ukarimu wabaki kuwa wema, au wageuka mzigo uliovikwa jina zuri?

Mfugaji wa Balangdalalu, katika nchi kame iliyo chini ya Mlima Hanang, hakipimi kisima kwa wingi wa ng'ombe waliokizunguka. Hukipima kwa maji yaliyosalia baada ya wote kunywa. Kipimo hicho chafaa kupelekwa hata kisiwani Unguja. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na hesabu hiyo husomwa kwa fahari. Ni kweli, kazi zimepatikana na hazina imepata kodi. Lakini uchunguzi wa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, uliotangazwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa chumba kimoja cha hoteli kilitumia maji takriban mara 16 ya nyumba nzima ya mwenyeji. Mwanamke achotaye kwa ndoo hakualikwa kwenye karamu hiyo, lakini kisima chake ndicho kilichoigharimia.

Kumlaumu mgeni si haki, kwa kuwa hunywa alichopewa. Lawama ni ya mgawaji. Yampasa kila ashikaye mlango wa nchi aulize, kabla ya kuhesabu walioingia, kimebaki nini kwa waliomo. Ukarimu ni mtu kutoa kilicho chake. Kutoa cha jirani asiyeulizwa ni dhuluma, hata kikitolewa kwa tabasamu.