Wenzo, Sheria na Dhamiri

Miongoni mwa maswali ya maadili yamo yaliyo makubwa kwa jina na madogo kwa maisha. Na yamo yaliyo madogo kwa jina, lakini huingia shambani, njiani na nyumbani mwa watu. Swali la bunduki ni la aina hii ya pili. Mtu aishiye katika nchi ambayo sheria yake imebana silaha achague silaha gani, na aishike vipi? Tena, je, sheria hiyo yamtendea haki? Nataka kulitazama swali hili kutoka Mtendeli, katika nyanda za juu za Kigoma, kwa kuwa huko halikuwa swali la vitabuni tu.

Mtendeli ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo kabla ya wilaya ya Kakonko kuundwa mwaka 2012. Upande wa magharibi ni mpaka wa Burundi. Upande wa mashariki ni misitu na mabwawa ya Moyowosi, makao ya wanyama wa mwitu. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, watu kwa maelfu walivuka mpaka kwa kukimbia bunduki. Kambi ya Mtendeli iliwapokea watu wa vita vile. Ikafunguliwa tena Januari 2016 kwa wakimbizi wapya, na ikafungwa Desemba 2021. Barabara ya kutoka Kasulu hadi Kibondo ilijua majambazi wenye silaha, hata mabasi yakawa yakisindikizwa na polisi. Nao wakulima wa nchi ile wana nguruwe mwitu na nyani katika mihogo na mahindi yao. Basi mtu wa huko aweza kutamani bunduki kwa ajili ya shamba, njia na nyumba yake, wala tamaa hiyo si upuuzi.

Lakini sheria imesimama mlangoni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1991, yamtaka kila mwenye silaha awe na leseni. Kizuizi hiki kina babu, na babu yake hakuwa mwema kabisa. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 dola za Ulaya zilipatana kuzuia bunduki mpya zisiingie Afrika, baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta. Gumegume za kale ziliweza kuruhusiwa. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa; tokeo lake lilikuwa kwamba mtawala alibaki na bunduki ya kisasa, na mtawaliwa akabaki na gumegume. Asemaye kuwa sheria za silaha zaweza kuwa hila ya mwenye nguvu hasemi uwongo. Hata hivyo, mtoto hahukumiwi kwa dhambi ya babu yake. Sheria ya leo tuipime kwa mambo mawili: yamfunga nani, na yamlinda nani.

Sasa tuitazame silaha yenyewe. Baina ya gobori, ambalo hushindiliwa baruti kwa kila risasi, na bunduki ijipakiayo yenyewe, ipo bunduki ya wenzo. Chini ya kitako, penye kilinda kidole, una mkono wa chuma. Mpigaji huusukuma mbele ganda likatoka, huurudisha nyuma risasi mpya ikaingia. Aina iliyojulikana mno ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning wa Marekani. Ndugu zake wakubwa walipita Uha zamani. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alikuwa na Winchester moja na Henry moja, kila moja ya risasi kumi na sita, pamoja na gumegume za askari wake. Alipovuka mto Malagarasi akaingia katika nchi ya Waha, watawala walimdai hongo ya nguo. Aliwaza kupigana, akalipa, akadaiwa tena, mwisho akapita msituni usiku kwa siri mpaka Ujiji. Kwa mgeni hongo ile ilikuwa dhuluma. Kwa wenyeji ilikuwa ushuru wa nchi yao. Bunduki iliyo hodari kuliko zote njiani haikumwamulia neno hili. Silaha humwongezea mtu uwezo. Haimwongezei haki wala busara.

Katika nchi zilizobana silaha, bunduki ya wenzo imepata heshima mpya. Uingereza ilikataza bunduki nyingi zijipakiazo mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford. Australia ilifanya vivyo hivyo mwaka 1996, baada ya mauaji ya Port Arthur. Wawindaji wengi wa huko waliigeukia bunduki ya wenzo kwa sababu ilibaki halali. Kisha ikaja bunduki ya marisau ya wenzo iitwayo Adler, na Waaustralia wakabishana juu ya wepesi wake; mwaka 2016 serikali zao zikapatana kuzitia zile zenye risasi zaidi ya tano katika daraja la masharti makali mno. Hapa pana fundisho. Mchaguzi aweza kuuliza, “Sheria yaniruhusu kiasi gani?” Aweza pia kuuliza, “Kazi yangu yahitaji kiasi gani?” Wa kwanza hutembea ukingoni mwa sheria, na kila sheria ikisogea yeye hulalamika. Wa pili, ambaye haja yake ni nguruwe mmoja katika shamba moja, hutosheka na risasi chache, na sheria huwa kwake jirani tu.

Tena upo wema katika ule wenzo wenyewe. Baina ya risasi moja na ya pili mkono sharti utende tendo. Muda huo ni mfupi, lakini ni muda wa mtu, si wa mtambo. Dhamiri yaweza kupita humo. Ila tusiuamini kupita kiasi, maana mkono uliozoea huenda kasi kuliko fikira.

Kuishika kwake nako ni elimu ya maadili. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kisichokusudiwa kupigwa. Kidole kikae mbali mpaka shabaha ijulikane, na kilicho nyuma ya shabaha kijulikane pia. Bunduki ya wenzo ina masharti yake zaidi. Katika nyingi za aina hiyo risasi hulala katika bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine. Kwa hiyo risasi ya ncha kali ya chuma yaweza kuiwasha iliyo mbele yake, na ndiyo sababu hutumiwa risasi za ncha bapa. Tena kutoa risasi iliyo mtutuni si kumaliza zilizo bombani. Ajuaye haya akayapuuza hana udhuru wa ajali.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo ni njema kwa wembe, kwa kuwa mwenye kukatwa ndiye mwenye kufunzwa. Kwa bunduki haifai: jeraha humfika mwingine, na mafunzo huja juu ya kaburi lisilo la mwanafunzi. Hapo ndipo sheria hupata haki yake ya kuingia kati. Twaambiwa kuwa jambazi haombi leseni, na hilo ni kweli. Lakini silaha ya jambazi yaweza kuwa ilianza mikononi mwa mtu halali, ikaibwa kwa kutofungiwa au ikaazimwa kwa fedha. Mwenye leseni anayeazimisha bunduki yake ameazimisha na dhamiri yake.

Walakini haki haina upande mmoja. Mtu wa mji aliye na fedha hupata leseni na bunduki njema. Mkulima maskini hubaki na gobori la mhunzi wa kijijini, naye huwa mhalifu kwa kulinda mihogo. Mwaka 2022 serikali iliwapa watu muda wa kusalimisha silaha kwa hiari. Ni jambo la hekima. Lakini arudishaye gobori na kuamkia shamba lililofukuliwa atauliza amepewa nini badala yake. Jibu la “sheria” peke yake halijazi ghala.

Kwa hiyo nashika neno hili: nchi ina haki ya kumpunguzia raia silaha kwa kadiri inavyomwongezea ulinzi. Imwondoleayo mtu ngao imekubali kuwa ngao yake. Askari aliyepanda basi la Kibondo alikuwa akilipa deni hilo. Vivyo hivyo askari wa wanyamapori ajaye upesi anapoitwa. Deni likilipwa, raia hana hoja ya kuficha bunduki. Lisipolipwa, raia bado hana ruhusa ya kumtia jirani hatarini, lakini ana haki ya kudai kwa sauti kuu, na mwenye kutunga sheria hana haki ya kumwita mkaidi.