Nani Ana Haki ya Giza?

Mtu anapolipa kiingilio kuja kutazama mchezo wa kuigiza hupewa vitu viwili. Cha kwanza anakijua, nacho ni mahali pa kukaa. Cha pili hakuna anayemtajia: anapewa giza. Taa za upande wake zikizimwa na za jukwaani zikawaka, anaweza kumwangalia binadamu mwenzake kwa saa nzima, usoni, katika kilio chake na aibu yake, bila yeye mwenyewe kuangaliwa na yeyote. Nje ya ukumbi hatupeani nafasi hiyo. Mkodolee macho mtu ndani ya daladala, naye atakuuliza kulikoni. Ukumbini hatuoni ajabu. Ndivyo mambo yalivyo.

Mimi ndiye ninayeligawa giza hilo, kwa maana kazi yangu ni taa. Ndiyo maana kuna swali ambalo halinitoki: je, ni haki mtu kuona bila kuonekana? Na kama ni haki, ni ya nani, na wakati gani?

Wengi wakisikia fundi taa wa jukwaa hudhani ni mtu wa kuunga nyaya. Kuunga nyaya kumo, tena kwingi. Lakini kabla ya waya nausoma mchezo mara mbili, kisha nakwenda mazoezini na daftari. Naandika mama amesimama wapi anapoletewa habari ya msiba, jua la nyumba hii linaingilia upande gani, nani aonekane kwanza na nani achelewe. Taa ukiiweka mbele moja kwa moja, uso hubapa kama picha ya pasipoti. Ukiipandisha na kuipeleka pembeni, kama nyuzi 45 hivi, pua inainuka, shavu linapata umbo, jicho linaishi. Ngozi zetu nyeusi hupendeza zikipokea mwanga wa ubavuni na wa mgongoni. Uso mweusi mbele ya pazia jeusi humezwa. Kwa hiyo ugomvi wangu wa kwanza huwa na mtu aliyechagua pazia.

Taa za zamani zilikuwa za wati 1,000 kila moja. Sita tu zinaitoa jasho jenereta. Hizi za LED za wati 200 ndizo zilizotuwezesha kuupakia mchezo mzima kwenye pikapu na kwenda nao kijijini. Msimu wa mvua kumbikumbi hufika kwenye taa kabla ya watu. Kiangazi vumbi la tambarare hupanda hewani na kuuchora mwanga hadi unadhani utaushika kwa mkono. Kodi ya nyumba inalipwa na harusi, send-off na mikutano ya mjini Arusha. Mchezo wa kuigiza haulipi hivyo, lakini ndio ninaouota usiku.

Giza la watazamaji lina umri mdogo kuliko tunavyodhani. Kwenye ukumbi wa Globe kule London, tamthilia za Shakespeare zilichezwa mchana, katikati hakuna paa, mchezaji na mtazamaji wakiwa chini ya jua moja. Baadaye kumbi za Ulaya zilipoezekwa, mishumaa na kisha taa za gesi ziliwaka juu ya watazamaji wakati mchezo ukiendelea, na wenye fedha walikuja kuonekana kama walivyokuja kuona. Mwaka 1876 Richard Wagner alipofungua ukumbi wake Bayreuth, Ujerumani, mwanga wa upande wa watazamaji ulishushwa hadi karibu giza totoro, macho yote yaelekee jukwaani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1881, ukumbi wa Savoy wa London uliwashwa kwa umeme, balbu zaidi ya 1,000. Tangu hapo kuwasha na kuzima kukazidi kuwa kazi nyepesi. Sisi tulipojengewa kumbi za namna hiyo, kama ule wa Taifa wa Nairobi uliofunguliwa 1952, tulizipokea pamoja na desturi zake, na giza likiwamo.

Kwetu kulikuwa na desturi nyingine. Ngoma ikichezwa uwanjani, anayetazama yumo. Akizubaa anavutwa mkono aingie. Wasomi wetu waliliona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kuhusu mimba za wanafunzi. Wanakijiji wenyewe waliichunguza shida yao, wakaiigiza, kisha wakaijadili. Mjadala kama huo hauendi gizani, maana anayesema lazima ajulikane kuwa ndiye aliyesema.

Mwaka 1977, huko Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wa wazi wakacheza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Hata mazoezi yalifanywa hadharani, na watu wa kijiji walikuja wakawakosoa wachezaji. Baada ya wiki chache serikali ilifuta kibali. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Watu hueleza kwamba kilichoogopwa ni maneno ya tamthilia. Kwa jicho la fundi taa naongeza jambo moja: maneno yale yalisikika mahali ambapo jirani alimwona jirani yake akiyasikia. Ukijua kwamba mwenzako naye amesikia, na yeye anajua kuwa unajua, hakuna tena wa kusingizia kwamba hakuelewa.

Kwangu mimi swali hili lilipata uzito Nduruma. Mto Nduruma unashuka kutoka Mlima Meru kwenda kuungana na maji ya Kikuletwa, na njiani una wenyewe wengi: mifereji ya wakulima wa juu, mashamba makubwa, halafu wakulima wa chini kwenye tambarare kavu, ambao maji huwafikia mwisho, yakifika. Maji ni zamu. Zamu ikivunjwa, huvunjwa usiku. Kikundi cha vijana kilikuwa kimetengeneza igizo juu ya hilo, na onyesho kubwa lilikuwa la mwanamume anayekwenda na jembe na tochi kufungulia banio isivyo zamu yake. Nililipangia giza kamili, kisha tochi moja tu ikitembea. Moyoni nililipenda sana onyesho hilo.

Jioni nikiwa nafunga taa, mzee mmoja wa kamati ya mfereji akaja kukaa kwenye sanduku langu la nyaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona taa zote umezielekeza kule mbele?"

"Ndiko mchezo uliko, mzee."

"Na sisi?"

"Ninyi mtakuwa gizani, ili muone vizuri."

Akanyamaza kidogo, akauangalia mlima. "Maji yetu yanaibwa gizani. Sasa na kesi yake tukaisikilize humo humo?"

Nilimwita kiongozi wa kikundi, tukazungumza. Taa mbili tukazigeuza kuelekea kwa watu, rangi ya kaharabu, nguvu nusu. Usiku ule yule mwenye jembe alipoinama kwenye banio, watu hawakutazama jukwaa peke yake. Walitazamana. Wengine walicheka, kisha kicheko kikakatika. Mwanamume mmoja aliangalia chini kwa muda mrefu, na nikaona macho ya safu nzima yakimwendea. Mjadala uliofuata uliendelea mpaka petroli ikakaribia kwisha, na watu wa juu na wa chini waliambiana mambo ambayo, nilielezwa, hayakuwahi kusemwa kikaoni.

Lakini sijui yule mwanamume aliinamia nini. Huenda aliwahi kufungulia banio. Huenda aliwaza mtoto aliyemwacha nyumbani na homa. Mwanga huonyesha uso, hauonyeshi sababu. Mkutano wa watu wenye hasira ukishapewa uso, sababu hujijazia wenyewe. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuangaza kila mtu ndiyo haki yenyewe, na afikirie tena.

Yapo pia mambo ambayo giza peke yake ndilo linayaruhusu. Niliwahi kuangazia igizo la wasichana juu ya kipigo cha nyumbani, katika ukumbi mmoja wa mjini. Nilizima upande wa watazamaji kabisa. Kutoka kwenye meza yangu nilisikia pua zikivutwa na kanga zikipangusa machozi. Taa ziliporudi, kila mwanamke alikuwa ameshauweka uso wake sawa. Ningewawashia taa, wangekaa kama magogo, kwa sababu mume, wifi au mama mkwe yuko safu ya tatu. Giza lile lilikuwa chumba pekee walichopata wiki nzima cha kulilia bila kuulizwa.

Nenda pia kwenye send-off. Mshereheshaji huniomba niwafuate kwa taa wanaopanda kutoa zawadi, huku kiasi kikitangazwa kwa kipaza sauti. Aliyeleta friji anang'aa. Shangazi aliyekuja na bahasha nyembamba, baada ya kuuza ndizi za mwezi mzima, naye anang'arishwa vile vile, na ukumbi unahesabu. Taa ni ile ile, nguvu ile ile, ila mmoja inampamba na mwingine inamvua nguo. Hapo huupanua mwanga uenee jukwaa zima, mtu asisimame katika duara peke yake. Mshereheshaji hulalamika kwamba haivutii. Ni kweli, haivutii.

Siku hizi simu nazo zimeliongezea giza uzito. Zamani aliyeona bila kuonekana aliondoka na kumbukumbu. Sasa anaondoka na video. Msichana anaigiza kisa kinachofanana mno na chake, anakubali kuonwa na watu mia waliomo ndani, na kabla hajapangusa rangi usoni yuko kwenye simu za watu ambao hawakusikia alichosema kabla wala alichosema baadaye. Aliyerekodi hajulikani, alikuwa gizani. Nikiacha mwanga hafifu upande wa watazamaji, simu zinazoinuliwa hupungua. Watu ni wale wale. Tofauti ni kwamba anayeinua mkono anajua jirani amemwona.

Kutokana na hayo nimefikia msimamo. Giza la mtazamaji ni mkopo, na mkopo hauendi kwa kila mtu. Kabla ya onyesho nawauliza wenye kisa: kisa hiki ni cha nani? Kati ya watakaokaa hapa, nani ana nguvu juu ya mwenzake? Na baada ya taa kuzimwa, nani atakwenda nyumbani kulipia aliyoonekana akiyahisi? Jambo likiwa la wote, kama maji, njia au fedha za kijiji, sioni kwa nini yeyote afichwe, hasa mwenye madaraka. Jambo likiwa jeraha la mtu, aliyeumizwa apate kivuli, awe jukwaani au kwenye kiti.

Mwenzangu mmoja wa kazi hunipinga. Anasema fundi taa si hakimu. Mtu amekuja kutazama mchezo, mwache atazame. Namwelewa, na sehemu moja ana haki: nisimpime mtu kwa macho yangu tu kutoka nyuma ya meza. Lakini hilo halinitoi kwenye lawama, kwa sababu swichi haina mahali pa katikati pasipo upande. Kuzima kama ilivyo desturi ni kuamua pia. Ni kuamua kama walivyoamua watu wa mbali, kwa sababu zao. Basi tuamue pamoja, na tuseme wazi. Mchezo ukiwa wa kuonana, tunawatangazia watu kabla haujaanza kwamba leo nao wataonekana. Na nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea, naacha ukanda wa giza wa safu mbili hivi. Asiyetaka kuonekana akae huko, asiulizwe.

Mara nyingi ukanda huo hujaa akina mama, wazee waliochoka, na vijana wawili watatu ambao sababu zao wanazijua wenyewe. Katika kijiji kimoja alikuja kuketi huko kiongozi, katikati ya akina mama, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Mchezo ulihusu michango iliyokusanywa bila stakabadhi. Kijana mmoja wa kikundi alimwendea, akainama kwa heshima akamwambia, "Mzee, kiti chako tumekuwekea kule mbele." Alisita. Kisha akainuka, akatembea taratibu hadi kwenye mwanga, akavua kofia, akaketi.